Beit el Amani na Safari ya Vitabu vya Unguja

Beit el Amani, jengo jeupe lenye kuba lililopo Mnazi Mmoja, pembezoni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, lilifunguliwa Novemba 1925. Lilijengwa kuwa ukumbusho wa kumalizika kwa vita vikuu vya 1914 hadi 1918, na tangu siku ya kwanza likafanywa nyumba ya makumbusho. Pamoja na vyombo vya kale vilivyopangwa ukumbini, vilihifadhiwa humo vitabu, ramani, picha na nyaraka. Kwa miaka kama thelathini, mtu wa kawaida wa Unguja aliyetaka kujua habari za nchi yake katika nyumba isiyokuwa msikiti, skuli wala klabu, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha ila huo. Vitabu vyenyewe ni vikongwe kuliko jengo, na baada ya Beit el Amani viliendelea kuhama: vikaenda Kilimani, vikaenda Maisara, na katika karne hii vimefika Tunguu.

Unguja haikungoja Waingereza ndipo ipate vitabu. Katika karne ya 19 elimu ilikaa majumbani na misikitini. Mwanachuoni alikuwa na chumba chake cha vitabu, na wanafunzi walimwendea huko alfajiri au baina ya magharibi na isha, kila mmoja na kitabu alichoanza kusomeshwa. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki mwaka 1925, alisomesha Ukutani, na darasa lake liliendelea kusimama baada yake. Rafiki yake Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyefariki mwaka huohuo, alikuwa kadhi na mwandishi ambaye sifa zake zilivuka bahari hadi Hadhramaut na Misri. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, katika kitabu chake Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, anaonyesha jinsi elimu ilivyopita kutoka mkono hadi mkono: nani alisoma kwa nani, na kitabu gani. Vitabu vingine viliwekwa wakfu ili visiuzwe wala kugawanywa na warithi. Mfumo huo ulikuwa na nguvu kubwa, maana kitabu hakikutengana na mwalimu wa kukifafanua. Ila ulikuwa na mpaka wake: aliyekifikia kitabu ni yule aliyekubaliwa kuwa mwanafunzi, na wengi wa waliokubaliwa walikuwa wanaume wenye ukoo au ujirani na wenye nyumba.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliongeza jambo jipya. Karibu na mwaka 1880 alianzisha kiwanda cha chapa cha Kisultani, na humo vikapigwa chapa vitabu vya fikihi ya Kiibadhi. Kilichojulikana zaidi ni Qamus al-Sharia, kazi ndefu mno ambayo ni sehemu tu ya juzuu zake zilizopata kutoka. Mtawala aliyeleta maji ya mfereji mjini na kujenga Beit el Ajaib mwaka 1883 aliona pia kwamba vitabu vya wanavyuoni wa Oman visiendelee kutegemea kalamu ya mnakili. Nakala zilisambazwa na nyingine zikavuka hadi Oman. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliofika Unguja mwaka 1864, nao walikuwa na mtambo wao wa chapa. Mmoja wao, Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alikusanya ngano za Kiunguja na kuzichapisha mwaka 1870, mwaka uleule alipotoa kitabu chake cha kufundishia lugha. Februari 1892 likatoka gazeti la serikali kwa Kiingereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 jamii ya Wahindi ikawa na gazeti lake la Kigujarati, Samachar.

Basi mwaka 1900 ulipofika, mji huu mdogo ulisoma Kiarabu, Kigujarati, Kiingereza na Kiswahili cha hati mbili. Kilichokosekana ni nyumba moja ambayo mtu wa lugha yoyote na dini yoyote angeweza kuingia akakaa akasoma. Waingereza walikuwa na klabu yao Shangani, iliyoanzishwa mwaka 1888 na iliyokuwa na vitabu vyake, lakini ilikuwa ya Wazungu. Jamaa za Kihindi zilikuwa na vyumba vya kusomea vya watu wao. Kila kundi lilisoma nyuma ya mlango wake. Serikali ilipoanzisha idara ya elimu mwaka 1907 na kufungua skuli, wasomaji waliongezeka wakiwa hawana pa kwenda baada ya kengele ya mwisho.

Vita ndivyo vilivyoleta jengo. Unguja ilivionja tangu mapema: tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, na mabaharia zaidi ya thelathini wakafa. Baadhi yao walizikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji. Baadaye wanaume wa Unguja walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi huko Tanganyika, na wengi hawakurudi. Vita vilipokwisha, kulikuwa na njia nyingi za kuweka ukumbusho. Miji mingi ya dola ya Waingereza ilisimamisha nguzo za mawe zenye majina. Unguja ilichagua nyumba ya kutumika, na uamuzi huo unastahili kusifiwa. Sanamu ingetazamwa mara moja kwa mwaka. Nyumba ya elimu iliingiwa kila siku.

Aliyechora ramani ya jengo ni John Houston Sinclair, mtumishi wa serikali aliyefika Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na kupanda hadi kuwa Balozi Mkaazi wa Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kazi zake bado zinaupa mji sura: nyumba ya Balozi Mkaazi, ambayo baadaye ilitumika kuwa Ikulu, na Mahakama Kuu ya Vuga iliyomalizika mwaka 1908. Sinclair aliyapenda majengo ya Waislamu wa Afrika Kaskazini na Uturuki, akaazima humo matao, kuba na madirisha ya nakshi. Wapo wanaoona kwamba mtindo wake ulikuwa vazi la Kiarabu juu ya utawala wa Kiingereza, na hoja hiyo ina uzito: Mji Mkongwe wenyewe ulijengwa na mafundi wa Kiswahili, Kiarabu na Kihindi kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kuba kubwa hazikuwa desturi yake. Hata hivyo Beit el Amani halionekani geni pale lilipo. Mgeni akiliona kwa mbali hulidhania msikiti, na wenyeji walilipa heshima ya aina hiyo.

Mahali penyewe pana maana kuliko mtindo. Mnazi Mmoja ulikuwa uwanja wazi baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mji wa mawe ulikaliwa zaidi na Waarabu, Wahindi na Wazungu wenye mali. Ng'ambo, upande wa pili wa hori, ndiko ilikoishi sehemu kubwa ya Waafrika wa mji katika nyumba za udongo na makuti. Jengo lililowekwa Shangani au Forodhani lingekuwa la watu wa mji wa mawe. Lilipowekwa Mnazi Mmoja, mtoto wa Ng'ambo aliyekuwa akienda skuli au hospitali alipita mlangoni pake, na hakuhitaji kualikwa na mtu.

Msimamizi wa kwanza alikuwa Dk. Alfred Spurrier, tabibu aliyeishi Unguja miongo mingi na aliyepambana na maradhi ya mji kabla ya kukabidhiwa makumbusho. Kwa tabibu, elimu ya kwanza ilikuwa ya afya: mbu wanavyozaliana, maji yanavyochafuka, panya wanavyobeba tauni. Maonyesho mengi ya mwanzo yalilenga huko, na wanafunzi wa skuli walipelekwa kwa zamu. Mwaka 1930 liliongezwa jengo la pili karibu yake kwa ajili ya viumbe wa visiwani na wa baharini, na humo mna mifupa ya dodo, ndege mkubwa wa Mauritius aliyetoweka katika karne ya 17. Baada ya Spurrier, katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, kazi ilishikwa na Dk. Ailsa Nicol Smith, mwanamke aliyeupa kipaumbele wajibu wa jengo wa kufundisha.

Vitu vya Beit el Amani vilikuwa na uzito wa historia ambao hakuna kitabu cha skuli kingeubeba. Zilikuwepo ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu, mtawala wa Wahadimu aliyekuwa na kasri lake Dunga, jirani na Tunguu. Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki mwaka 1873 na kasri likaachwa kubomoka. Alama za enzi yake zikaishia mjini chini ya kuba. Palikuwapo pia kasha la dawa la David Livingstone, stempu za Unguja na vyombo vya wafalme. Mtu aliyesimama mbele ya siwa ya Dunga aliona kwa macho kwamba kisiwa kilikuwa na enzi yake kabla ya kuja kwa Sayyid Said bin Sultan kutoka Oman.

Karatasi zilikuwa na hatima ngumu zaidi kuliko siwa. Siwa hustahimili. Karatasi ya Unguja hushambuliwa kutoka kila upande. Hewa ya bahari ina chumvi, masika huleta unyevunyevu wa wiki nyingi, na kuta za matumbawe hunyonya maji na kuyatoa polepole ndani ya vyumba. Ukungu hukamata jalada, mchwa hupanda kutoka chini, na wadudu wadogo wa fedha hula gundi ya mgongo wa kitabu. Wino wa Kiarabu uliotengenezwa kwa masizi hudumu vyema, lakini wino wenye chuma huila karatasi yenyewe mpaka maneno yakaacha matundu. Jengo lenye dari la juu na madirisha ya kupitisha upepo lilikuwa nafuu kwa msomaji, na kwa kitabu lilikuwa nusu ya tiba tu, kwa kuwa upepo huohuo wa Mnazi Mmoja unatoka baharini. Aliyehifadhi nyaraka hapo alilazimika kufungua, kufuta vumbi, kuanika na kufunga tena, mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo haiandikwi katika historia na haina jina la mtu juu yake, na bila ya hiyo hakungekuwa na karatasi za kuzungumzia leo.

Wakati huohuo miji mingine ya Afrika Mashariki ilikuwa ikijenga maktaba zenye jina hilo waziwazi. Nairobi ilifungua Maktaba ya McMillan mwaka 1931, jengo la nguzo nzito na simba wawili mlangoni, lililojengwa kwa ukumbusho wa Sir William Northrup McMillan. Lilikuwa zuri kuliko chochote cha aina yake katika eneo hili, na mpaka mwaka 1958 liliwafungia mlango wasiokuwa Wazungu. Tanga, mji wa katani na bandari, ulipata maktaba ya ukumbusho wa Mfalme George wa Sita katika miaka ya 1950. Leo ni maktaba ya mkoa na bado inatumika. Ukilinganisha na hayo, Beit el Amani halikuwa maktaba kamili, maana halikuazimisha vitabu na rafu zake zilikuwa za marejeo. Lakini mlango wake ulikuwa wazi kwa wote zaidi ya miaka thelathini kabla ya ule wa McMillan, na katika historia ya usomaji mlango una uzito kuliko idadi ya vitabu.

Wenye kiu ya kusoma hawakukosa. Kuanzia 1927 walimu wa skuli walikuwa na jarida lao, Mazungumzo ya Walimu wa Unguja, na mwaka huohuo ikafunguliwa skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana. Mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na lugha ya mjini Unguja ikawa lugha ya vitabu vya skuli kutoka Lamu hadi Kigoma. Gazeti la Al-Falaq lilianza mwaka 1929. Magazeti yalisomwa barazani: mmoja alisoma kwa sauti, wengine kumi wakasikiliza na kubishana, na nakala moja ikapita nyumba nyingi kabla ya kuishia dukani kufungia njugu. Mwaka 1948 Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki ilianzishwa, ikiwa na makao yake Nairobi, na kati ya kazi zake ilikuwa kupeleka makasha ya vitabu kwenye skuli na vijiji na kuwaazima wasomaji kwa njia ya posta. Hapo ndipo kitabu cha kuazima kilipoanza kumfuata msomaji alipo.

Katikati ya miaka ya 1950 serikali iliamua kuwa nyaraka zinahitaji nyumba yao. Zilikwishajaa: barua za Kiarabu za masultani, majalada ya ubalozi mdogo wa Kiingereza ulioanza mwaka 1841, kumbukumbu za Wajerumani, kesi za mahakama, na karatasi za kufutwa kwa utumwa mwaka 1897. Jumba la Nyaraka lilijengwa Kilimani, mahali pa juu panapotazama bahari, nje ya msongamano wa mji. Tofauti na Beit el Amani, hili lilijengwa kwa ajili ya karatasi tangu mwanzo, likiwa na stoo na chumba cha kusomea. Msomaji hachukui kitabu rafuni mwenyewe. Hutafuta namba katika orodha, huijaza katika fomu, na mtumishi humletea jalada mezani. Utaratibu huo humchosha aliyezoea maktaba ya kuazima, lakini ndio ulioziokoa nyaraka.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadili wenye mamlaka na hayakuteketeza nyaraka hizo. Barua za masultani zilibaki rafuni chini ya serikali iliyompindua Sultani, na jambo hilo ni la kushukuriwa, kwa sababu katika nchi nyingi mapinduzi huanza na moto. Walioondoka nchini walichukua baadhi ya vitabu vyao hadi Oman na kwingineko; vingine vilibaki majumbani bila wa kuvisoma. Bara, sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Mambo ya maktaba hayakuwa ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar ilibidi ijenge huduma yake yenyewe, na ilikwenda polepole zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Unguja ikawa na taasisi mbili zilizoyapa maandishi ya kale thamani mpya. TAKILUKI, ya Kiswahili na lugha za kigeni, ilikaa Vuga. EACROTANAL, kituo cha nchi za Afrika Mashariki cha kutafiti masimulizi na lugha za Kiafrika, kilikusanya miswada na sauti za wazee kutoka visiwani na kwingineko. Kituo hicho hakikudumu, na sehemu ya makusanyo yake iliingia Nyaraka. Mwaka 2003 UNESCO iliandikisha mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu vya Nyaraka za Zanzibar katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia, miaka mitatu baada ya Mji Mkongwe kuandikishwa kuwa Urithi wa Dunia. Sifa ya majengo ilitangulia, ile ya vitabu ikafuata. Kwa haki ilipasa kwenda pamoja.

Vyombo vya Beit el Amani navyo vilihama. Vingi vilipelekwa Beit el Ajaib ilipogeuzwa makumbusho, na jengo la Mnazi Mmoja likapungukiwa na wageni. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Wale waliokuwa wakisema kwamba vitu vyote vya nchi visiwekwe katika nyumba moja walikuwa na haki. Beit el Amani, dogo na la baadaye kwa zaidi ya miaka arubaini, lilibaki limesimama.

Huduma ya kuazima vitabu ipo chini ya Shirika la Huduma za Maktaba, ambalo Maktaba yake Kuu ipo Maisara, mwendo mfupi kutoka Mnazi Mmoja. Watoto wa skuli ndio wengi wa wasomaji wake. Huenda kufanya kazi za nyumbani na kujitayarisha kwa mitihani. Sehemu kubwa ya vitabu imetokana na msaada kutoka nje, hasa wa Book Aid International ya Uingereza, na kwa hiyo Kiingereza kimetawala rafu. Katika kisiwa ambacho lugha yake ilifanywa lugha ya vitabu vya eneo zima, mtoto anastahili kupata riwaya za Mohammed Suleiman Mohammed, Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed kwa urahisi uleule anaopata kitabu cha hadithi kilichochapwa London.

Kituo cha karibuni katika safari hii ni Tunguu, katika Wilaya ya Kati. Chuo Kikuu cha Zanzibar, cha binafsi, kilianzishwa huko mwaka 1998. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikaanza mjini, na baadaye makao yake makuu yakahamia Tunguu. TAKILUKI ya Vuga ikawa sehemu yake. Kwa mara ya kwanza maktaba kubwa za kisiwa zipo shamba, si mjini. Mwanafunzi wa Kizimkazi au Makunduchi hana tena haja ya kufika Forodhani ili asome. Lakini hizo ni maktaba za wenye vitambulisho vya chuo. Mkulima wa Bungi au muuza duka wa Tunguu bado humtegemea mtoto wake kumletea kitabu.

Bado kuna vitabu visivyofika popote. Vipo katika visanduku vya mbao vya nyumba za Ukutani, Malindi, Makunduchi na Pemba: misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, tenzi kwa hati ya Kiarabu, barua za mashamba ya karafuu, hati za wakfu. Nyumba inapouzwa au mirathi inapogawanywa, karatasi hizo ndizo za mwanzo kutupwa, kwa kuwa warithi hawazisomi. Familia yenye kisanduku cha namna hiyo isikitie moto wala isikiuze kwa mgeni anayepita. Iwaite kwanza watu wa Nyaraka, Kilimani, wakitazame.